Kabla Hatujasema Ni Uzee

Mhadhara wa wazi kwa ajili ya Siku ya Wazee Duniani



Swali nililopewa ni fupi. Mwili unapopungua nguvu kwa sababu ya umri, je, tukubali tu yaishe? Nitatoa jibu langu sasa hivi, kisha nitumie muda uliobaki kulitetea. Kukubali kuna zamu yake, na zamu hiyo ni ya mwisho. Sisi tumeiweka ya kwanza. Mzee akisema magoti yanauma, tunamjibu ni uzee. Akisema haoni vizuri, ni uzee. Akianguka bafuni, ni uzee. Neno linatoka mdomoni kabla mtu hajampima presha, hajamtazama macho, hajamwomba hata asimame kutoka kwenye kiti. Na mara nyingi anayekubali siye mwenye magoti. Ni mwanawe, ni jirani, ni mhudumu mwenye foleni ndefu nje ya mlango.

Hoja ya wanaokubali

Nianze kwa kuwatendea haki wanaosema tukubali, maana hawakosi hoja. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wakasema pia la kuvunda halina ubani. Waislamu wanafundishwa katika mapokeo ya Mtume kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa, isipokuwa uzee. Wakristo wanaosoma kitabu cha Mhubiri wanakutana na mwili unaozimika kiungo kimoja baada ya kingine. Mafundisho haya hayakuja kumvunja mtu moyo. Yanamkinga na tamaa na utapeli. Anayejua kwamba uzee hauna dawa hanunui chupa inayonadiwa stendi kwa kipaza sauti kwamba inarudisha ujana kwa siku saba. Wala hamwonei wivu Bryan Johnson, tajiri wa Marekani anayemwaga mamilioni ya dola kwa madaktari, vidonge na vipimo ili mwili wake usizeeke.

Sayansi nayo, kwa sehemu kubwa, iko upande wao. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mwanahisabati wa London aliyefanya kazi ya bima, alionyesha kwamba hatari ya mtu mzima kufa haipandi kwa hatua zilizo sawa, bali hujizidisha. Kwa hesabu za siku hizi, huwa maradufu kila baada ya takribani miaka 8. Jeanne Calment wa Ufaransa alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, na tangu hapo hajatokea mtu mwenye umri uliothibitishwa aliyempita, pamoja na dawa zote zilizovumbuliwa. Ukomo upo.

Anayetaka kuuona uzee mtupu, usiochanganyika na kukaa wala njaa, amtazame Ed Whitlock. Alikuwa Mkanada mzaliwa wa Uingereza, na mazoezi yake aliyafanya kwa kuzunguka ndani ya makaburi ya mji wa Milton, Ontario, mara nyingi saa 3 kwa mpigo. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alimaliza marathoni ya Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, alikimbia tena Toronto kwa saa 3, dakika 56 na sekunde 34. Kati ya mbio hizo mbili kuna miaka 12, na saa 1 nzima imepotea. Huyu hakuwa mtu wa kukaa kibarazani. Kilichompunguza ni umri: moyo wa mzee haupigi haraka kama wa kijana hata ukiusukuma vipi, kuta za kifua hukakamaa, na nyuzi za misuli zenye kasi hupungua. Hasara ya namna hiyo naikubali bila ubishi.

Lakini tuupime ukubwa wake. Uzee mtupu ulimwacha mtu wa miaka 85 akiweza kukimbia kilomita 42 kwa muda usiofika saa 4. Whitlock alikuwa na kipaji, na sidai kwamba kila mmoja wetu angekimbia hivyo. Ninachodai ni kwamba tukimwona mama wa miaka 68 asiyeweza kuinuka chooni bila kuvutwa mkono, umri peke yake hautoshi kuwa maelezo. Kuna vitu vingine vimejificha nyuma yake, na leo nitavitaja viwili: kukaa, na maradhi. Baadaye nitasema ni nani anayevificha.

Kinachopotea kwa kukaa

Mwaka 1966, huko Dallas, Texas, madaktari waliwachukua vijana 5 wa miaka 20, wazima wa afya, wakawalaza kitandani wiki 3 mfululizo. Walipowapima uwezo wa mwili kutumia oksijeni katika kazi nzito, ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu walewale 5 walitafutwa, wakapatikana wote, wakapimwa upya. Ikaonekana kwamba zile wiki 3 za kitandani ziliwapunguza uwezo huo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakapewa miezi 6 ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, na uwezo wao ukarudi pale ulipokuwa mwaka 1966, kabla hawajalazwa.

Kwa wazee kitanda ni kikali zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya, wastani wa miaka 67, kwa siku 10 tu. Walipoteza takribani kilo 1 ya misuli ya miguuni. Siku 10 si nyingi. Ni malaria moja kali pamoja na siku za kuuguzwa baada yake. Mzee anatoka wodini malaria imeisha, miguu haimbebi, nasi tunaambiana, "Tangu augue, uzee umemwingia." Kilichomwingia kina jina na kina tiba.

Je, kilichopotea kinarudi kwa mtu mwenye miaka 90? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitangaza matokeo kutoka katika makao ya wazee mjini Boston. Waliwachukua watu 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96, dhaifu kwelikweli. Mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8, walinyanyua uzito kwa miguu wakiwa wamekaa. Uzito huo haukuwa wa kubembeleza: ulipandishwa mpaka asilimia 80 ya ule mkubwa kabisa ambao kila mmoja angeweza kuunyanyua mara moja. Mmoja hakumaliza. Kwa 9 waliobaki, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliokuwa wakitembelea bakora waliziacha. Walipoacha mazoezi kwa wiki 4, karibu theluthi ya nguvu hizo ikapotea, na hilo nalo ni somo. Mwaka 1994 kazi hiyo ilirudiwa kwa watu 100, wastani wa miaka 87, kwa wiki 10. Nguvu ziliongezeka zaidi ya maradufu, mwendo ukawa wa kasi zaidi, na ngazi zikapandwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo msuli wa mtu wa miaka 90 bado unaitika ukiitwa. Unaitika kwa uchache kuliko wa kijana, na ukiachwa unasahau upesi. Lakini ukimya wa misuli ya wazee wetu unatokana zaidi na kutoitwa kabisa.

Maradhi yanayoitwa uzee

Sasa maradhi. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima presha watu wa miaka 70 na zaidi. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la damu. Wengi hawakujua, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa walikuwa wachache mno. Presha haina kelele. Siku inapozungumza, inazungumza kwa kiharusi, mkono unalegea, mdomo unakwenda upande, nasi tunasema mzee umri umemfika. Kidonge cha kila siku kingeweza kuchelewesha siku hiyo, pengine kuizuia kabisa.

Jicho nalo lina mawili. La kwanza ni mtoto wa jicho, ambaye ndiye sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani, na ambaye huondolewa kwa upasuaji usiofika saa moja. La pili ni kushindwa kuona vitu vya karibu. Katika utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliotangazwa mwaka 2006, asilimia 61.7 ya watu wa miaka 40 na zaidi walikuwa nalo. Hili la pili ni uzee hasa: lenzi ya jicho hukakamaa kwa kila binadamu, mfalme na maskini. Wanaosema tukubali wangepata ushindi wao hapa. Lakini huko Assam, India, wavunaji wa chai wenye miaka 40 na zaidi waligawiwa miwani ya kusomea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba uvunaji wao uliwazidi kwa asilimia 21.7 wenzao ambao hawakupewa. Lenzi ilibaki imekakamaa vilevile. Kilichobadilika ni kazi ya mikono.

Hapo ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Kuikubali sababu hakukulazimishi kuyakubali matokeo. Nakubali kwamba lenzi imekakamaa. Sikubali kwamba bibi asiweze tena kutunga uzi kwenye sindano, kuchambua mchele, kusoma msahafu au Biblia yake, au kuona ni nani anampigia simu.

Nije kwenye magoti, maana najua wengi mmeyafuata hayo hapa. Mtaani tunaambiwa ute umeisha, kula bamia. Bamia ni mboga nzuri, ina faida zake tumboni, lakini utelezi wake unameng'enywa kama chakula kingine chochote na hauna njia ya kufika kwenye goti. Goti lililosagika huhitaji msuli wa paja wenye nguvu wa kulipunguzia mzigo, na uzito wa mwili upungue kwa aliyenenepa. Miongozo ya tiba duniani huweka mazoezi mwanzoni kabisa, kabla ya sindano na kabla ya kisu. Mgonjwa husikia maumivu akitembea, akaacha kutembea. Paja likasinyaa, mzigo wote ukaangukia goti, maumivu yakazidi, akaacha hata kusimama. Mzunguko huo wote tumeupa jina moja, uzee.

La mwisho katika kundi hili husemwa kwa kunong'ona, nami nitalisema kwa sauti: mkojo kuvuja. Kuna mama zetu walioacha harusi, msiba, kanisa na safari za basi kwa sababu hiyo tu. Mwislamu anatengukwa na udhu mara kwa mara, anaona haya kuuliza, anajifungia ndani. Watoto wanasema mama siku hizi hapendi watu. Mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, yafanywayo kwa mpangilio kwa miezi kadhaa, huwasaidia wanawake wengi wenye tatizo hili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mengine hayasubiri kifo, humuumbua mtu akiwa hai kwa kumnyang'anya jamaa zake.

Heshima inayokalisha

Nilisema nitamtaja anayevificha vitu hivi. Ni sisi, na tunavificha kwa jambo tunalolionea fahari: heshima.

Tuingie katika nyumba yoyote ya pwani, na nyingine nyingi za bara. Mama mwenye nyumba ana miaka 66. Mwanawe amepata kazi nzuri mjini, akatuma binti wa kazi. Siku ya kwanza bibi anaikalia mbuzi akune nazi. "Bibi, acha, nitakuna mimi." Anashika ufagio. "Bibi, pumzika." Anataka kwenda sokoni kuchagua samaki mwenyewe, anaambiwa bodaboda watamgonga. Analetewa maji ya kunawa alipo, chai alipo, chakula alipo. Mbuzi ni kifaa kifupi: kukikalia na kuinuka ni zoezi la mapaja, na yeye alilifanya mara kadhaa kwa siku kwa miaka 50. Kufagia ua ni kuinama, kugeuka na kunyoosha mgongo. Sokoni ni kilomita kwa miguu na kikapu mkononi. Hakuna aliyemkataza mazoezi, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ni mazoezi. Mwaka mmoja baadaye ndugu wanaitwa kikao: mama hawezi kuinuka kwenye choo cha kuchuchumaa, na swala anaswalia kwenye kiti kwa sababu akisujudu hanyanyuki. Kikao kinakubaliana kununua kiti cha plastiki na kukitoboa katikati. Kila mtu amefanya kwa mapenzi. Kila mtu amechangia.

Najua jibu linalokuja. Mbona bibi zetu wa vijijini wamelima na kubeba maji na kuni maisha yao yote, na migongo imepinda vilevile? Hoja hiyo ni nzito. Lakini kazi inayojenga mwili huenda na mapumziko na chakula cha kutosha, na uzito wake hupanda kwa kiasi. Bibi yule alibeba ndoo ya lita 20 akiwa na mimba ya miezi 8, akala ugali na mboga za majani, akalala saa chache, akaamka kulima. Huko ni kuchoshwa, na anayechoshwa namna hiyo hajengeki. Kumpumzisha na mzigo ule ni haki yake. Kumwondolea kila mwendo ni jambo jingine.

Mfano wa tofauti tunao humu humu nchini. Wahadza wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi walichunguzwa miaka ya 1980 na Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones. Waliona kwamba bibi waliokwisha kukoma hedhi walitumia saa nyingi zaidi kutafuta chakula, hasa kuchimba mizizi, kuliko mabinti wenye umri wa kuzaa, na chakula hicho kiliwalisha wajukuu. Uchunguzi wa David Raichlen na wenzake, uliotangazwa mwaka 2020, uliongeza jambo la ajabu: Wahadza hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini. Ila sehemu kubwa ya mapumziko hayo huwa wamechuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo. Sisemi turudi porini. Maisha yale yana taabu zake, na watoto wengi hawafiki utu uzima. Nasema tu kwamba bibi anayehitajika hasahauliki kwenye kiti.

Zanzibar ilikuwa na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013 huku hakuna mwenye hakika na mwaka wake wa kuzaliwa. Alipiga ngoma na kuimba mbele ya umati katika umri ambao wengi wetu tungekuwa tumeshamfungia ndani. Simtaji kama mwalimu wa afya. Sigara yake ilijulikana dunia nzima. Namtaja kwa sababu unyago ulimhitaji, taarabu ilimhitaji, na hakuna aliyethubutu kumwambia, "Bibi, pumzika, tutapiga sisi." Huko Korogocho, Nairobi, akina mama wazee wa kundi la Shosho Jikinge hujifunza kupiga ngumi na mateke ili wajilinde na wabakaji. Inasikitisha kwamba wanalazimika. Lakini walipolazimika, miili iliweza.

La kufanya nyumbani

Mkirudi nyumbani leo, fanyeni kipimo kimoja. Chukueni kiti kigumu kisicho na mikono, mkiegemeze ukutani. Mzee aketi, akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa tena kadiri awezavyo kwa sekunde 30, nanyi mhesabu mkiwa karibu naye. Kwa kipimo kinachotumika sana kimataifa, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha mara 12, yuko katika hatari ya kuanguka. Asiyeweza hata mara moja bila kushika, msimkemee wala msimhurumie. Mmepata pa kuanzia.

Zoezi la kwanza ni hicho hicho kiti. Anayeshindwa aongezewe mto ili kiti kiwe kirefu, asimame mara 5, apumzike, arudie. Akizoea, mto uondolewe. Akizoea tena, ashike kidumu cha maji cha lita 3 kifuani, kisha 5. Siri ya Boston ilikuwa kuongeza uzito. Zoezi lisilobadilika halijengi. La pili ni usawa wa mwili: asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika meza, halafu aishike kwa kidole kimoja tu, halafu aiache. Mwaka 2019 majaribio mengi ya kisayansi yalikusanywa na kupimwa kwa pamoja, ikaonekana kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23. La tatu ni kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na kwa wazee mazoezi ya usawa siku 3 au zaidi.

Tahadhari ni chache na za lazima. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye presha ambayo haijadhibitiwa, aliyeanguka karibuni au anayepata kizunguzungu, aanzie kwa mhudumu wa afya. Na chakula: mzee anayekunywa chai kwa mkate asubuhi na chai kwa mkate jioni hana cha kujengea msuli hata akifanya mazoezi usiku kucha. Dagaa, maharage, choroko, mayai, maziwa, chochote mfuko unachoruhusu, kila mlo uwe nacho kidogo.

Serikali zetu hazikukaa kimya. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wote waliofikisha miaka 70, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya, kupitia Inua Jamii, ilianza mwaka 2018 kuwapa wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Hospitalini tuna dirisha la wazee, na bango linalosema mpishe mzee kwanza. Ombi langu ni dogo kwa gharama. Kando ya dirisha hilo kiwekwe kiti kigumu, mashine ya presha na chati ya macho, na mhudumu mmoja afundishwe kutumia vyote vitatu. Chuo cha KCMC pale Moshi kimefundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo mingi, kwa hiyo ujuzi tunao. Bado haujafika kwenye zahanati ambako mzee anaanzia.

Mtaniuliza kama haya yote yanamzuia mtu asizeeke. Hayazuii. Katika jaribio moja kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2014, wazee 1,635 wa miaka 70 hadi 89 waligawanywa: wengine walipewa mazoezi, wengine mafunzo ya afya darasani. Baada ya miaka 2 na nusu hivi, hatari ya kupoteza uwezo wa kutembea mita 400 ilikuwa imepungua kwa asilimia 18 kwa waliofanya mazoezi. Kuna waliofanya kila walichoambiwa na bado wakashindwa kutembea. Anayewaahidi zaidi ya hapo anawauzia chupa ya stendi.

Ndiyo maana kukubali nako kuna nafasi yake, na inapofika ikubaliwe kwa vitendo. Anayehitaji bakora aichukue mapema, kabla ya kuvunjika nyonga. Wengi huikataa kwa kuona inawatangaza, kisha hutangazwa na machela. Bafu liwekewe bomba la kushikia. Kitembezi, miwani na kifaa cha kusikia vyote ni njia za kuikubali sababu na kuyakataa matokeo. Na kuna siku ambapo hata hivyo havitatosha. Mwili utakuwa umemaliza, na kumsukuma mtu afanye mazoezi siku hiyo ni ukatili. Siku hiyo apewe kitanda safi, dawa ya maumivu na watu wake karibu.

Wazee wangu, mkiambiwa ni uzee, msibishane; ulizeni. Kimepimwa nini? Katika hiki ninacholalamikia, umri ni kiasi gani, maradhi ni kiasi gani, na kukaa ni kiasi gani? Katika wiki 8 zijazo tufanye nini? Nanyi watoto, mkiulizwa hivyo na wazazi wenu, msione wanawasumbua. Wiki 8 zikipita, kilichowezekana kikafanyika kwa uaminifu, na hali ikabaki ilivyo, hapo ndipo tutasema ni uzee, na tutakuwa tunajua tunachosema.